Kalamu Yenye Mpaka

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa bado changa, haijamaliza hata miaka miwili, ilipotoa mwaka 1980 hukumu katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Swali lililokuwa mbele yake husikika kila wiki katika mahakama zetu: shahidi anasema alimwona mhalifu na akamtambua, je, aaminiwe? Majaji hawakutoa jibu la jumla. Walipanga maswali. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Akiwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimfahamu kabla ya hapo, au ndiyo mara ya kwanza kumtia machoni? Ushahidi wa macho, wakasema, ni dhaifu kuliko unavyodhaniwa, na mahakama isiuegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea.

Maswali hayo hayajastaafu. Robo karne baadaye, katika rufaa ya Issa Mgara, Mahakama iliwakumbusha mahakimu kwamba haitoshi shahidi kusema “kulikuwa na mwanga” kisha akaketi. Taa hazilingani. Kibatari hakiangazi kama karabai, wala chemli haitoi mwanga wa tyubu ya umeme, kwa hiyo shahidi aeleze taa ilikuwa ya aina gani na mwanga wake ulikuwa na nguvu kiasi gani. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita likaongezwa jingine: aliyemtambua mtu hutarajiwa kumtaja mapema iwezekanavyo, na akikaa kimya bila sababu, ukimya wake hupunguza uzito wa maneno yake.

Tazama jinsi kazi hii ilivyofanyika. Hakuna hata jaji mmoja kati ya hao aliyekuwapo usiku wa tukio. Hawakumwona shahidi akitetemeka kizimbani wala hawakusikia sauti yake. Walikuwa na karatasi tu, na kwa karatasi hizo wakatengeneza kipimo ambacho hakimu wa wilaya yoyote anaweza kukitumia kesho asubuhi. Hawakuongeza kosa jipya katika sheria, wala hawakuigusa adhabu. Waliingia kwa swali moja na kutoka kwa jibu la swali hilo.

Ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa. Tumezoea kuipima mahakama ya juu kwa ukubwa wa mambo inayoyavunja: sheria iliyofutwa, serikali iliyoshindwa. Lakini mahakama hii ina madaraka machache kuliko watu wengi wanavyofikiri, na kazi zake bora zimetoka kwa majaji walioufahamu vizuri mpaka wao, wakaandika mpaka kwenye ukingo wake, na wakaeleza kwa nini wanaishia hapo.

Mpaka huo una historia ndefu. Siku za mwanzo za utawala wa Waingereza katika pwani yetu, rufaa kutoka mahakama ya konseli wao iliyokuwa Zanzibar zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Mwaka 1902 ikaundwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya makoloni ya eneo hili, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika nayo ikaingizwa humo. Juu yake kulikuwa na kamati ya majaji ya Baraza la Mfalme, London, ambayo ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, safari ya rufaa kwenda London ikakatwa. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya 1964, ikajitoa katika mahakama ya pamoja na kushika njia yake. Kwa Tanzania Bara, kauli ya mwisho ikabaki kwa mahakama ya kanda, ambayo kwa Mkataba wa 1967 ikawa chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao yake yalikuwa Nairobi, na majaji wake walisafiri kusikiliza mashauri katika nchi wanachama.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Kenya iliunda mahakama yake ya rufaa mwaka huohuo. Tanzania iliunda yake mwaka 1979, kwa kubadili Katiba na kutunga Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, na Jaji Mkuu Francis Nyalali akawa kiongozi wake wa kwanza. Alikalia kiti hicho hadi mwaka 2000, muda mrefu kuliko Jaji Mkuu mwingine yeyote tuliyewahi kuwa naye. Baada yake wakaja Barnabas Samatta, Augustino Ramadhani, Mohamed Chande Othman, Ibrahim Hamis Juma, na tangu 2025 George Masaju.

Mahakama ya zamani ilikufa pamoja na Jumuiya, lakini hukumu zake hazikuzikwa nayo. Hadi leo wakili anayesimama Mwanza au Mbeya hutaja shauri la Pandya la 1957 na la Peters la 1958, yote mawili yakiwa ya mahakama ile ya kanda. La kwanza linasema kwamba rufaa ya kwanza ni kama kuusikiliza ushahidi upya, kwa hiyo mahakama ya rufaa iupime yenyewe na kufikia maoni yake. La pili linatia breki: aliyewaona mashahidi ana jambo ambalo msomaji wa karatasi hana, hivyo rufaa isiwe nyepesi kugeuza imani ya jaji aliyewasikia. Kazi yote ya rufaa inafanyika kati ya sentensi hizo mbili. Ukishika ya kwanza peke yake utaamua kesi usiyoisikiliza, na ukishika ya pili peke yake hutakuwa na kazi ya kufanya.

Sasa tuutembelee mpaka wenyewe.

Mahakama ya Rufani haifunguliwi kesi. Ibara ya 117 ya Katiba inaipa kazi ya kusikiliza na kuamua rufaa zinazotoka Mahakama Kuu na kwa mahakimu wenye mamlaka ya nyongeza, kwa hiyo husubiri mpaka jambo liifikie. Mgogoro ulioanzia Mahakama ya Mwanzo, labda wa mirathi kijijini, haupandi hadi huko isipokuwa Mahakama Kuu kwanza ithibitishe kwamba ndani yake mna hoja ya kisheria. Katika jinai iliyoanzia mahakama za chini, rufaa ya pili huhusu sheria tu: mahakama mbili zilizotangulia zikikubaliana kuhusu kilichotokea, majaji wa rufani hawagusi matokeo hayo ila pale ushahidi uliposomwa vibaya kabisa au jambo zito liliporukwa. Msimamo huo uliwekwa wazi mwaka 1981 katika shauri la Jaffari Mfaume Kawawa.

Kuna mipaka ya Muungano. Mahakama hii ni mojawapo ya Mambo ya Muungano, lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaizuia kusikia mashauri ya tafsiri ya Katiba hiyo, na pia mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi. Ukitokea mgogoro kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, Ibara ya 117 inasema waziwazi kwamba Mahakama ya Rufani haihusiki. Hilo ni la Mahakama Maalumu ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na upande mmoja na nusu na upande wa pili, na uamuzi hutaka theluthi mbili ya kila upande. Mahakama hiyo imeandikwa katika Katiba tangu zamani, na haijawahi kuketi.

Kuna na mpaka wa uchaguzi. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine: Mahakama yao ya Juu, iliyozaliwa kwa Katiba ya 2010, ina siku 14 za kuamua kesi ya urais, na Septemba 1, 2017 ilifuta matokeo. Kwetu mlango huo umefungwa kwa kufuli. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba kufuli hilo linakiuka Mkataba wa Afrika, lakini jaji wa Tanzania aliyeapa kuilinda Katiba hana ufunguo wake. Rasimu ya Katiba Mpya ya muongo uliopita ilipendekeza kuwepo Mahakama ya Juu, tofauti na ya Rufani. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 2015 haikufanyika, na pendekezo likabaki kwenye makaratasi.

Ndani ya ua huo kalamu inafanya nini? Chukua hukumu yoyote ya Mahakama hii na uisome kwa utaratibu. Kichwani pana jiji au mji ilikosikilizwa, kwani Mahakama hufanya vikao vyake Arusha, Tabora, Mbeya, Bukoba, Tanga, Zanzibar na kwingineko. Yanafuata majina ya majaji, kwa kawaida watatu, kisha namba ya rufaa na wahusika. Chini ya maneno yanayotangaza kuwa hii ni hukumu ya Mahakama huwekwa jina la jaji mmoja, mwandishi. Mwishoni majina yote hurudi. Mwandishi ni mmoja, lakini sauti ni “sisi”, na kila jaji aliyetia saini anajibika kwa kila mstari.

Kuandika kwa sauti ya watu watatu si kazi ndogo. Mwandishi hueleza kesi ilivyoanza, nani alisema nini na mahakama ya chini iliamua nini, bila kumpendelea yeyote kwa uchaguzi wa maneno. Kisha hutaja sababu za rufaa. Mrufani aliyejiandikia hati akiwa gerezani anaweza kuleta sababu kumi na mbili zinazojirudia, na jaji mzoefu huzikusanya zikawa tatu, kila dai likabaki na mahali pake. Hapo ndipo uelewa wake unapopimwa, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake: wakili wa mrufani atalikunja swali liinamie upande wake, Wakili wa Serikali atalikunja upande wa pili, na jaji lazima alinyooshe kabla ya kulijibu. Mara nyingi ukiliona swali lilivyoandikwa, jibu limeshaanza kuonekana.

Kati ya hukumu zote za Mahakama hii, ile ninayoirudia mara nyingi ni ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, iliyomo katika Ripoti za Sheria za Tanzania za 1995. Baba na mwana hao, wa huko Mbulu, walidai ardhi waliyokuwa wameimiliki kwa mila na kuipoteza wakati wa operesheni ya vijiji. Mahakama ya Arusha iliwapa ushindi. Halafu mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni hiyo, ikazuia fidia, na ikazikatisha kesi zilizokuwa mahakamani. Serikali ilijitetea kwa hoja ambayo ikisikika haraka inavutia: ardhi yote ni mali ya umma, kwa hiyo anayeikalia kwa mila hana mali ya kulindwa na Katiba.

Nyalali hakuanza na Katiba. Alianza na swali la mila lenyewe: ni haki gani aliyokuwa nayo mkulima wa Tanganyika juu ya shamba lake, tangu enzi ya Wajerumani na ya Waingereza hadi uhuru? Akairejesha hoja ya Serikali kwa wenyewe na kuwaonyesha inakofikia: ikikubaliwa, basi wananchi walio wengi ni wavamizi ndani ya nchi yao. Baada ya kuiweka hivyo, haikuwa tena hoja ya kifungu. Ilikuwa hoja ambayo hakuna Mtanzania angeweza kuisimamia bila haya. Ndipo akafika Ibara ya 24, inayolinda mali, na kusema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali. Aliyemwaga jasho lake shambani, hata kama hajajenga wala kupanda mti wa kudumu, anastahili fidia ya haki akinyang’anywa.

Kisha akaishia mahali pake. Mahakama Kuu ilikuwa imeitupa sheria yote. Mahakama ya Rufani ilivitenga vifungu vilivyogongana na Katiba, ikavifuta, na ikaviacha vingine viendelee kuishi. Msomaji mwenye hasira angependa sheria nzima iende na maji. Fundi alijua kwamba Bunge lina haki ya kupanga ardhi, na kwamba kosa lake lilikuwa katika vifungu vinavyohesabika. Ukali wote wa hoja ukamalizikia katika kukata kidogo, na kwa sababu hiyo hukumu haikupata wa kuipinga kwa urahisi. Sheria za ardhi za 1999 zilipotungwa, haki ya kimila ilipewa hadhi sawa na hati ya kuandikishwa.

Mfano mwingine ni shauri la Ndyanabo la mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya Uchaguzi ilimtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi milioni tano kabla kesi yake haijapangiwa tarehe. Serikali ilisema fedha hizo huzuia kesi za uchokozi. Jaji Mkuu Samatta hakubishana na nia hiyo. Aliikubali, kisha akapima kama njia inalingana nayo. Milioni tano humzuia maskini mwenye kesi nzuri na kumruhusu tajiri mwenye kesi mbovu, na sheria haikumwachia jaji nafasi ya kutofautisha. Kwa hiyo kifungu kikaanguka. Hakuna mahali katika hukumu hiyo panapolituhumu Bunge kwa nia mbaya. Kumpa mpinzani heshima yake yote kisha ukamshinda kwa hesabu yake mwenyewe ni ustadi usiofundishika kwa siku moja.

Au shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, lililoamuliwa Zanzibar Novemba 2000. Watu 18 walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi. Kesi ilibeba siasa nzito za wakati ule, uchaguzi ukiwa umepita wiki chache tu. Mahakama iliuliza swali moja la kisheria: kosa la uhaini hutendwa dhidi ya nani? Ikajibu kwamba ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na kwamba dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Shtaka likakosa miguu. Jibu hilo liliwaudhi wengi Visiwani, na mjadala wa hadhi ya Zanzibar haujafa hadi leo, lakini hakuna anayeweza kusema hakuelewa Mahakama ilisema nini na kwa sababu gani.

Ila kusifu ufundi si kusifu kila kilichotengenezwa. Mahakama hii imewahi kuishia mahali ambapo msomaji hubaki akijiuliza. Katika shauri la Mbushuu, lililoamuliwa katikati ya miaka ya 1990, ilikubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Hapo hapo ikasema Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na kwamba kuamua kama jamii bado inaihitaji adhabu hiyo ni kazi ya jamii kupitia Bunge lake. Ukiifuata hoja hatua kwa hatua, haina ufa ulio wazi. Lakini hatua ya mwisho ni ndefu kuliko zilizotangulia, na msomaji makini huisikia.

La Mchungaji Christopher Mtikila ndilo gumu zaidi. Alitaka mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe kugombea. Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alimkubalia mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba haraka kuziba njia hiyo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakamkubalia tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, safari hii ikiwa na majaji saba chini ya Jaji Mkuu Ramadhani na ikisaidiwa na wanazuoni walioalikwa kuwa marafiki wa mahakama, ikageuza uamuzi: suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, likamalizwe bungeni. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kinyume chake, kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Ramadhani, aliyeiongoza Mahakama ya Rufani katika uamuzi ule, alikuja kuwa Rais wa mahakama hiyohiyo ya Arusha mwaka 2014.

Wapo wanaosema majaji saba walikimbia. Wapo wanaosema walikaa pale Katiba ilipowaweka, kwa kuwa hawana mamlaka ya kuifuta Katiba kwa kutumia Katiba. Mimi naegemea kwamba walikuwa na nafasi ya kufika mbali kidogo zaidi. Lakini naweza kusema hivyo, na kuionyesha kwa kidole ile aya nisiyoikubali, kwa sababu waliandika sababu zao zote. Mahakama iliyonyamaza au iliyojificha nyuma ya dosari ya karatasi isingenipa nafasi ya kubishana nayo.

Na hiyo ya dosari za karatasi si mfano wa kubuni. Kwa miaka mingi rufaa nyingi zilitupwa kwa sababu tarehe ya amri haikulingana na tarehe ya hukumu, au nakala fulani haikuambatishwa. Mtu aliyesubiri miaka kadhaa aliambiwa arudi mwanzo. Hapo ukingo wa mamlaka uligeuka maficho. Katiba, kupitia Ibara ya 107A iliyoongezwa mwaka 2000, ilishazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Bunge likaliweka takwa hilo ndani ya Sheria ya Mamlaka ya Rufaa pia. Mahakama ilianza kulitumia mara moja, katika shauri la Yakobo Magoiga Gichere, na katika shauri la kijiji cha Mondorosi ikaonya kwamba dawa hiyo haitibu kila uzembe wa wakili. Kupima kati ya hayo mawili kumekuwa ufundi mpya.

Kizuizi kingine kinachoumiza ni hiki: Mahakama hii karibu haina njia ya kujirudi. Mtu aliyeshindwa anaweza kuiomba iipitie upya hukumu yake, lakini katika shauri la Chandrakant Patel ilisema kosa litakalofungua mlango huo liwe linaonekana usoni mwa kumbukumbu, siyo lile la kuchimbuliwa kwa hoja ndefu. Watanzania wanakumbuka rufaa ya mwanamuziki Nguza Viking na wanawe: mwaka 2010 Mahakama iliwaachia wawili, ikaacha kifungo cha maisha kwa baba na mwana mmoja, na ombi lao la kupitiwa upya likakataliwa 2013. Walitoka gerezani Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais. Huruma ni ya Ikulu. Mahakama inapomaliza, imemaliza, na anayelijua hilo huandika kila neno akijua hatalirudia.

Jambo moja limebadilika ambalo litaujaribu ufundi huu kwa namna mpya. Karibu maisha yake yote Mahakama hii imeandika kwa Kiingereza, kwa watu ambao walio wengi hawakisomi. Mapema 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri la mgodi wa North Mara. Februari 1 mwaka huo, siku ya sherehe za Siku ya Sheria Dodoma, Rais Magufuli akatangaza kumpandisha hadi Mahakama ya Rufani, na mwezi huohuo Bunge likabadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mabadiliko ya lugha ni rahisi kutangaza na magumu kutenda. Hoja iliyojificha nyuma ya sentensi ndefu ya Kiingereza, ikivuliwa vazi hilo, huonekana kama ina mifupa au haina. Mrufani aliyejiandikia hati gerezani ataweza kusoma mwenyewe kwa nini alishindwa, na atajua kama alijibiwa au alipitwa.

Oktoba 2019 Mahakama ilikataa rufaa ya Serikali katika shauri la Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, na hata wa 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akisubiri 18. Majaji walionyesha kwamba sheria hiyo ilitungwa kabla Katiba yetu haijawa na Haki za Binadamu, na kwamba kinachoitwa kumlinda msichana ndicho kinachomnyima usawa. Bunge lilitakiwa kurekebisha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipita, na mingine ikapita, bila vifungu hivyo kuguswa.

Hapo madaraka ya mahakama ya juu kuliko zote nchini yanaishia, na hayataongezeka kwa kuwalaumu majaji. Walishafanya sehemu yao: walisikiliza, wakapima, wakaandika sababu ambazo hadi leo hakuna aliyezijibu. Kilichobaki ni cha Bunge na cha wapiga kura wanaolituma. Hukumu hizi zinapatikana bure mtandaoni, katika maktaba ya TanzLII, na yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua. Anayetaka mahakama yenye nguvu zaidi aanze kwa kuzisoma, amshike mbunge wake kwa hoja iliyomo humo, na amuulize ni aya ipi anayoipinga.